Namna ya Kuchagua Seti ya Kibodi na Kipanya Visivyotumia Waya

Maduka ya kompyuta yaliyopangana kando ya Barabara ya Kampala na ndani ya majengo ya biashara ya jirani huuza seti za kibodi na kipanya visivyotumia waya za kila namna, na mnunuzi anayeingia bila kujua anachotafuta kwa kawaida huondoka na ile aliyoshikishwa na muuzaji. Huenda ikawa nzuri. Hata hivyo, seti kama hiyo hutumika kwa saa nyingi kila siku, pengine kwa miaka kadhaa, na kasoro zake nyingi hazisomeki kwenye boksi. Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye kazi za kawaida: karani, mwalimu anayeandaa mitihani, mhasibu wa SACCO, mwenye kibanda cha kuchapa nyaraka katika Mtaa wa Nasser, au mwanafunzi wa chuo aliyeunganisha kompyuta yake ya mkononi na skrini kubwa. Wanaocheza michezo ya kompyuta wana mahitaji yao, nayo hayatazungumziwa hapa.

Kipokezi kwanza

Wanunuzi wengi huanza kwa kubonyeza vitufe. Ningeshauri uanze na kile kipande kidogo kuliko vyote, yaani kipokezi kinachochomekwa kwenye tundu la USB, kwa sababu ndicho kinachoamua kama seti itadumu au la.

Vifaa visivyotumia waya huwasiliana na kompyuta kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kipokezi hicho, kinachotumia mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4. Ya pili ni Bluetooth, ambayo iko katika masafa hayo hayo lakini hutegemea redio iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, hivyo haihitaji kuchomeka chochote. Kwa mtu mwenye kompyuta moja, njia ya kwanza ndiyo bora. Seti ya kipokezi hufanya kazi mara tu inapochomekwa, hata kabla mfumo wa kompyuta haujamaliza kuwaka, ilhali kibodi ya Bluetooth mara nyingi haitambuliwi katika hatua hiyo. Fundi anapotaka kuingia kwenye mipangilio ya awali ya mashine, atalazimika kuazima kibodi ya waya. Isitoshe, kompyuta nyingi za mezani zilizotumika, zile zinazouzwa upya baada ya kuondolewa maofisini, hazina Bluetooth kabisa.

Bluetooth inamfaa yule anayeandika mara kwenye kompyuta, mara kwenye simu au tableti, au mwenye kompyuta ya mkononi ambayo matundu yake yote ni ya USB-C, kwa kuwa vipokezi vingi bado ni vya USB ya zamani yenye umbo la mstatili. Zipo seti zenye njia zote mbili, na huuzwa kwa bei ya juu zaidi; usiilipe bei hiyo kwa sababu tu huenda siku moja ukaihitaji.

Hakikisha kwamba kipokezi kimoja kinahudumia kibodi na kipanya kwa pamoja, la sivyo utapoteza matundu mawili. Kisha uliza swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: kipokezi hiki kikipotea, naweza kununua kingine? Kwa seti nyingi za bei nafuu jibu ni hapana, kwa sababu kipokezi kimefungamanishwa na kibodi yake tangu kiwandani, na kikidondoka ndani ya bodaboda basi seti nzima haina kazi tena. Baadhi ya watengenezaji wana mfumo unaoruhusu kuunganisha upya. Logitech, kwa mfano, ilianzisha vipokezi vya Unifying mwaka 2009 na vya Logi Bolt mwaka 2021. Kila kimoja hupokea hadi vifaa sita, na kipokezi huuzwa peke yake. Lakini mifumo hiyo miwili haielewani, kwa hiyo kifaa cha Bolt hakitaunganishwa kwenye kipokezi cha Unifying. Tena si kila kifaa cha kampuni hiyo kimo katika mojawapo ya mifumo hiyo, hivyo tafuta alama yake kwenye boksi au chini ya kifaa.

Linalofuata ni usalama. Mwaka 2016 kampuni ya Bastille ya Marekani ilitangaza matokeo mawili ya uchunguzi. La kwanza, lililoitwa MouseJack, lilionyesha kwamba vipokezi vya watengenezaji kadhaa vingeweza kudanganywa na mtu aliye umbali wa takriban mita 100 vikubali maandishi yasiyotoka kwa mwenye kompyuta. La pili, KeySniffer, lilionyesha kwamba baadhi ya kibodi za bei nafuu zilirusha kila herufi hewani bila kuifumba, nywila zikiwemo. Mtu anayeandika barua za kanisa nyumbani hana haja ya kukosa usingizi kwa ajili ya hayo. Lakini mhasibu au wakala wa fedha za simu, ambaye huandika namba za siri za akaunti katika jengo lenye wapangaji kwenye kila ghorofa, anunue kibodi ambayo boksi lake linataja usimbaji (yaani kufumba maandishi yasisomwe hewani) wa kiwango kiitwacho AES cha biti 128, au atumie Bluetooth ya kisasa. Boksi lisilotaja usimbaji wowote, lichukulie kuwa kibodi yake haina.

Mpangilio wa vitufe

Bidhaa zinazofika Uganda hutoka pande nyingi, na hapa ndipo mnunuzi huchanganyikiwa zaidi. Kibodi iliyopitia Dubai inaweza kuwa na herufi za Kiarabu kando ya zile za Kilatini, jambo lisilo na madhara ila kwa macho. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Ujerumani ina Y na Z zilizobadilishana nafasi. Iliyokusudiwa Ufaransa huanza na A na Z pale tulipozoea kuona Q na W. Hizo mbili za mwisho zikatae hata ukipunguziwa bei, isipokuwa kama umezizoea.

Tofauti iliyojificha ni ile kati ya mpangilio wa Marekani na wa Uingereza. Katika ule wa Marekani alama ya @ iko juu ya 2. Katika ule wa Uingereza juu ya 2 pana alama ya kufungua na kufunga usemi, @ imesogezwa karibu na kitufe cha Enter, na juu ya 3 pana alama ya pauni. Kompyuta haisomi kilichochapwa juu ya kitufe, bali hufuata mpangilio uliowekwa ndani yake. Ukinunua kibodi ya Marekani huku kompyuta imewekwa kwa Uingereza, utabonyeza @ na kupata alama nyingine kila unapoandika anwani ya barua pepe. Dawa yake ni kubadilisha mpangilio wa lugha kwenye kompyuta, kazi ya dakika moja, lakini watu wengi hurudisha kibodi dukani wakidhani ni mbovu.

Kwa anayeandika Kiswahili kuna jambo la ziada. Lugha yetu haihitaji herufi ngeni, ila inahitaji ritifaa, na mpangilio uitwao US International hukifanya kitufe cha ritifaa kisubiri herufi inayofuata ili kiiwekee alama ya lafudhi. Ukiandika ng'ombe chini ya mpangilio huo, skrini itakuletea ngómbe. Chagua mpangilio wa kawaida wa Marekani au wa Uingereza, tatizo litaisha. Waandishi wa Luganda wanaopenda kutumia ŋ wasiitafute dukani. Hiyo hupatikana kwa kuongeza mpangilio kwenye kompyuta, au huandikwa ng' kama wafanyavyo wengi.

Kisha pima ukubwa. Kibodi ya kawaida ina takriban milimita 19 kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya jirani yake, na mikono iliyozoea kipimo hicho hukosea sana kwenye kibodi iliyobanwa. Sehemu ya tarakimu upande wa kulia ni ya lazima kwa mtu wa hesabu. Kwa asiyeingiza namba nyingi, sehemu hiyo humsukumia kipanya mbali upande wa kulia, na ifikapo jioni bega huuma. Mtu huyo achukue kibodi fupi.

Tazama pia namna herufi zilivyowekwa juu ya vitufe. Zile zilizobandikwa kama karatasi nyembamba huanza kufutika mapema, na ya kwanza kupotea kwa mwandishi wa Kiswahili huwa A, ambayo ni nadra kuandika neno bila kuihitaji. Pitisha ukucha juu yake: ukihisi ukingo wa kitu kilichobandikwa, fahamu kwamba haitadumu.

Tusisahau vumbi la murramu, ambalo wakati wa kiangazi huingia hata katika ofisi iliyofungwa madirisha, wala kumbikumbi wanaofuata taa baada ya mvua na kuacha mabawa yao katikati ya vitufe. Vitufe virefu vinavyong'oka na kurudishwa ni rahisi kusafisha kuliko vile bapa vinavyofanana na vya kompyuta ya mkononi. Ukipata kibodi yenye matundu ya kutolea maji upande wa chini, ni afadhali zaidi, kwa kuwa chai humwagika.

Betri

Seti za kawaida hutumia betri za AA au AAA. Nyingine zina betri ya ndani inayochajiwa kwa waya wa USB. Ya kuchaji huvutia, lakini betri ya ndani hudhoofika kadiri miaka inavyopita, na katika seti nyingi haikutengenezwa ili ibadilishwe. Betri ya AA inapatikana katika duka lolote kuanzia Busia hadi Arua, na hilo kwangu ni sababu tosha ya kuipendelea.

Nunua za alkali. Zile za bei ya chini kabisa, za zinki na kaboni, huisha haraka na zikiachwa ndani baada ya kuisha huweza kuvuja na kuozesha vyuma vya kugusia. Betri za AA za kuchajiwa za aina ya NiMH hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, vifaa vingi huzikubali, ila taa ya onyo inaweza kuwaka mapema. Pendelea kibodi na kipanya vyenye swichi ya kuzima, hasa kama unasafiri navyo mkobani, maana kipanya kinachotikisika ndani ya mkoba huamka kila mara.

Kipanya

Kipanya kichaguliwe kwa kiganja. Watengenezaji hupenda kuambatanisha kibodi kubwa na kipanya kidogo kama cha safari, nacho huwachosha wenye mikono mipana. Kiwango cha DPI (kipimo cha wepesi wa kipanya kuhisi mwendo) cha 1000 hivi kinatosha kazi za ofisini, na tarakimu kubwa zilizoandikwa kwenye boksi hazikuongezei chochote. Kama meza yako ina kioo juu, kipanya cha kawaida kitarukaruka. Weka kitambaa au karatasi nene chini yake. Wanaotumia mkono wa kushoto waepuke vipanya vilivyopinda upande mmoja. Anayefanya kazi katika chumba cha pamoja, au karibu na mtoto aliyelala, atafute aina zisizotoa mlio wa kubonyeza.

Kabla ya kulipa

Omba boksi lifunguliwe, betri ziwekwe, kipokezi kichomekwe kwenye kompyuta ya dukani. Bonyeza kila kitufe mara moja, usikiache hata kimoja, hasa kitufe cha nafasi, ambacho unapaswa kukibonyeza kwenye ncha zake zote mbili, kwa kuwa kwenye kibodi duni huitika katikati tu. Ondoka hatua chache na kipanya mkononi, uone kama mshale unafuata. Hakikisha kipokezi kina mahali pake pa kuhifadhiwa, ambapo mara nyingi ni ndani ya kifuniko cha betri za kipanya. Anayenunua kupitia mtandao hana fursa hii, basi asome masharti ya kurudisha bidhaa kabla hajaagiza. Dai risiti yenye namba ya kifaa; ukiwa unanunua kwa ajili ya ofisi, hiyo iwe risiti ya EFRIS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda.

Mshale ukianza kukwama baada ya kufika nyumbani, usiilaumu seti kwanza. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo kwamba matundu na vifaa vya USB 3.0, ambavyo mara nyingi vina plastiki ya bluu ndani, hutoa kelele ya redio katika masafa hayo hayo ya gigahezi 2.4. Kipokezi kilichochomekwa kando ya diski ya nje, nyuma ya kasha la chuma la kompyuta, hulemewa na kelele hiyo. Kihamishie mbele, au tumia waya mfupi wa kurefusha USB ili kikae juu ya meza, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kibodi. Waya huo ni wa bei ndogo, na ni vyema uununue siku ile ile.