Namna ya Kupima Uzito wa Watu juu ya Ardhi ya Kijiji

Katika mikutano mingi ya vijiji, suala la msitu kuisha au kisima kukauka likifika mezani, jibu huwa limekwisha andaliwa: watu wamekuwa wengi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini Tanzania, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120, sawa na ongezeko la wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Hata hivyo, jibu hilo halimwambii mwenyekiti wa kijiji afanye nini kesho asubuhi, na mara nyingi humtwisha lawama asiyehusika. Mwongozo huu unaeleza jinsi kamati ya mazingira ya kijiji, au mwalimu na wanafunzi wake, au vijana watano wenye daftari na mizani, wanavyoweza kujua katika wiki nne ni kitu gani hasa kinachopungua, kinapungua kwa kasi gani, na kinakwenda kwa nani.

Kazi hii ifanyike kiangazi, wakati chemchemi ziko chini na barabara zinapitika. Kabla ya yote, mwoneni mtendaji wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji, mkawaeleze wazi kwamba hamkusanyi taarifa za ushuru. Msipofanya hivyo, kila ng'ombe wa tatu atatoweka kwenye majibu, na eka tano zitageuka mbili.

Hesabuni mafiga, msihesabu vichwa peke yake

Mtendaji ana daftari la wakazi. Chukueni humo idadi ya watu na idadi ya kaya, kisha nendeni mkazihakiki nyumba chache kila kitongoji, kwa sababu madaftari mengi huandika waliozaliwa na kusahau waliohama. Mkitaka kujua kijiji kitachukua miaka mingapi kuongezeka maradufu, gawanyeni 70 kwa asilimia ya ongezeko la mwaka. Kwa asilimia 3.2, jibu ni miaka ipatayo 22, yaani umri wa kijana anayeoa.

Idadi ya kaya ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Wastani wa watu katika kaya nchini ulikuwa 4.7 mwaka 2012, ukashuka hadi 4.3 mwaka 2022. Chukueni mfano wa kijiji kilichokuwa na watu 3,000 mwaka 2012 na kikakua kwa kasi ya taifa: mwaka 2022 kingekuwa na watu 4,110 hivi. Watu wameongezeka kwa asilimia 37, lakini kaya zimepanda kutoka 638 hadi 956, ambalo ni ongezeko la asilimia 50. Msitu hauhesabu midomo, unahesabu mafiga. Chungu cha watu watano na chungu cha watu wanne hula kuni karibu sawa, na kila kijana anayejitenga na wazazi wake huhitaji kiwanja, nguzo, mapaa na jiko lake.

Ulizeni watu walitoka wapi na lini

Kuongezeka kwa watu mahali si lazima kuwe kumetokana na uzazi. Wakalisheni pamoja wazee watano au sita, wanawake wakiwamo, muwaombe wapange mambo kwa kumbukumbu wanazozijua badala ya kuwadai miaka. Ulizeni hali ya msitu kabla ya Operesheni Vijiji, hali yake wakati wa Vita vya Kagera, na hali yake wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Kumbukumbu hizo mtaziweka ninyi kwenye kalenda.

Mara nyingi mtagundua kwamba Operesheni Vijiji, hasa kati ya mwaka 1973 na 1976, ilileta mzigo mkubwa ambao haukutokana na mtoto hata mmoja kuzaliwa. Watu waliokuwa wametawanyika mabondeni na vilimani walikusanywa mahali pamoja, na mashamba, malisho na kuni vikatafutwa vyote ndani ya mwendo wa kutembea kutoka kituo kimoja. Idadi ya watu nchini haikuwa imeruka ghafla, ila ardhi iliyozunguka kituo ilikuwa imebeba watu wengi zaidi. Tofauti hii ndiyo kiini cha elimu ya mahusiano ya binadamu na mazingira yake.

Pimeni kuni kwa mizani

Chagueni kaya thelathini kwa kuruka, kwa mfano kila kaya ya thelathini katika orodha, mkikwepa kuchagua zilizo karibu na barabara au za marafiki. Nendeni na mizani ya kuning'inia, ya aina inayotumiwa na wanunuzi wa mazao. Pimeni mzigo wa kuni siku unapoletwa, kisha mrudi kuuliza uliisha lini. Msikubali jibu la kukisia, kwa maana mtu anayebeba kuni kila siku hana sababu ya kukariri siku zake. Sisi tulifunga uzi mwekundu kwenye kila mzigo tuliopima na kumwomba mama mwenye nyumba autundike mlangoni siku atakapochoma ukuni wa mwisho. Tukipita asubuhi tuliziona nyuzi kabla ya kuuliza.

Mzigo wa kilo 24 unaodumu siku tatu ni kilo 8 kwa siku. Kwa kaya 956 za mfano wetu, kijiji kinachoma kilo 7,648 kwa siku, ambazo ni tani saba na nusu na ushei. Andikeni pia aina ya kuni. Matawi makavu yaliyookotwa si sawa na shina bichi lililokatwa, hata kama mizani inasoma namba ileile.

Kisha kaeni barabarani

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayobadilisha hoja nzima. Keti penye njia panda inayotoka kijijini, siku tatu, mojawapo ikiwa siku ya gulio, uhesabu magunia ya mkaa yanayotoka kwa baiskeli, bodaboda na magari. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilihesabu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, nikapata magunia sita, nikaandika kwa kujiamini kwamba biashara ya mkaa haipo. Mwenye genge la chai pembeni yangu alinisikitikia. Baiskeli hupita saa kumi alfajiri, akaniambia, ukiamka unakuta alama za matairi tu. Siku iliyofuata nilifika saa tisa usiku na kuhesabu thelathini na nne kabla jua halijachomoza.

Pimeni magunia machache kwa ridhaa ya wenyewe, kwa sababu gunia lililofungwa lumbesa lina uzito ambao jina la gunia halikuambii. Kumbukeni kwamba tanuri la kienyeji la udongo hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Tuseme magunia 40 kwa siku, kilo 60 kila moja: huo ni mkaa wa kilo 2,400, na hata kwa makadirio ya chini kabisa ni kuni za kilo 12,000. Kijiji chote kinapika kwa tani saba na nusu. Tani kumi na mbili zinapika mjini, tena zimetoka kwenye mashina makubwa, si matawi yaliyoanguka. Katika kijiji cha namna hiyo, kusema msitu unaisha kwa sababu wanakijiji wamezaana ni kusoma nusu ya hesabu. Watu walioongezeka wako pia Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa kuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na 5,383,728 mwaka 2022, na majiko yao yanawaka kwa miti ya Morogoro na Pwani.

Hakuna haja ya kuuliza majina wala vibali. Mkigeuka askari wa misitu, daftari litafungwa siku hiyohiyo.

Maji: fuateni mfereji

Kwenye chemchemi, wekeni ndoo ya lita 20 chini ya bomba au mdomo wa maji na mhesabu sekunde hadi ijae. Ikijaa kwa sekunde 50, chemchemi inatoa lita 24 kwa dakika, au lita 34,560 kwa siku nzima. Ikigawanywa kwa watu 4,110 wasio na chanzo kingine, kila mmoja anapata lita nane na kidogo, wakati Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ililenga lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Pimeni alfajiri na jioni, kwa kuwa foleni ya ndoo huanza muda mrefu kabla ya jua.

Kabla ya kutaja idadi ya watu kuwa sababu ya upungufu, pandeni mto hadi juu mkatazame kila mahali maji yanapochepushwa. Bonde la Usangu, mkoani Mbeya, lina somo ambalo halijazeeka. Mto Ruaha Mkuu, unaopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuelekea bwawa la Mtera, ulianza kukauka kiangazi sehemu ya hifadhini mwaka 1993. Lawama nyingi ziliangukia wafugaji waliohamia bondeni na makundi yao, na kuanzia mwaka 2006 waliondolewa kwa nguvu. Watafiti waliofuatilia maji yenyewe, mfereji kwa mfereji, waliona kwamba sehemu kubwa ya maji ya kiangazi ilikuwa ikichepushwa kwenda kwenye skimu za mpunga, na mifereji mingine ikiachwa wazi hata wakati ambao mpunga haukuwapo shambani. Si kwamba kwato za ng'ombe hazikuharibu ardhioevu, ziliharibu. Lakini kumwondoa mfugaji na kuuacha mlango wa mfereji wazi hakurudishi mto.

Andikeni kila mfereji, upana wake, kina chake, na nani anaufunga. Pimeni pia mita kutoka ukingoni hadi shamba la kwanza, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto au ziwa.

Udongo na picha za kutoka juu

Ulizeni kila mkulima alilaza shamba, yaani aliliacha lipumzike bila kulimwa, mara ya mwisho lini, na baba yake alikuwa akilaza kwa miaka mingapi. Muda wa kulaza ukifupika kutoka miaka minane hadi miwili, halafu sifuri, hapo idadi ya watu inaonekana kwa macho. Tazameni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, kwenye mahindi na mtama, maua yake ya zambarau hupendeza na habari zake ni mbaya: hustawi kwenye udongo uliochoka. Picha za satelaiti za Landsat, zinazopatikana bure kwenye intaneti na zinazorudi nyuma hadi mwaka 1972, zitawaonesha mpaka wa msitu ulivyosogea, ingawa mti mmoja mmoja hauonekani humo.

Msidhani picha hizo zitaonesha uharibifu tu. Mkoani Shinyanga, ambako miti ilikuwa imefyekwa kwanza ili kufukuza mbung'o na baadaye kwa ajili ya pamba na kuni, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulirudi kwenye desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo la ngitili lilikuwa limezidi hekta laki tatu, na watu hawakuwa wamepungua. Machakos nchini Kenya, ambako miaka ya 1930 wataalamu walikwisha kata tamaa kwa mmomonyoko, idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano kufikia mwaka 1990, na vilima vikawa vimepangwa matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, miti ikiongezeka mashambani. Huko mikono mingi ilijenga matuta kwa sababu mwenye shamba alijua shamba ni lake na soko la Nairobi lilikuwa karibu. Pale ambapo mtu hana uhakika kama mwakani atalima hapo, mikono hiyohiyo hukata.

Kupeleka hesabu mkutanoni

Andikeni matokeo kwenye karatasi kubwa moja, mambo manne tu: mafiga, kuni za nyumbani, mkaa unaotoka, maji. Karibu na kila namba wekeni ni nani anayeweza kuibadilisha na baada ya muda gani. Uzazi wa mpango nao uwekwe, akaribishwe muuguzi wa zahanati auzungumzie bila fumbo, ila ukweli wake usemwe wote: wasichana watakaokuwa mama mwaka 2040 wamekwisha zaliwa, wengi wako darasani, kwa hiyo hata wakizaa wachache kijiji kitaendelea kukua kwa miaka mingi. Mlango wa mfereji unaweza kufungwa jioni ya leo. Sheria ndogo ya kuvuna msitu kwa zamu inahitaji kupita Halmashauri ya Kijiji, mkutano mkuu na halmashauri ya wilaya, na hiyo ni kazi ya miezi.

Majina ya wachoma mkaa yasisomwe. Wengi wao ni wale waliogawiwa na wazazi nusu eka, na swali la watalima wapi ndilo litakaloibuka likishaonekana kwamba hesabu ni ya haki. Liachieni nafasi, hata kama mkutano utavuka saa ya magharibi. Nakala moja ya daftari ibaki kwa mtendaji na nyingine shuleni, upimaji urudiwe mwezi uleule mwakani, kwa mizani ileile na ndoo ileile.