Jinsi ya Kuomba Leseni ya Udereva ya Daraja Linalolingana na Gari Utakaloendesha

Mkazi wa Nairobi anayetaka leseni ya udereva kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya masomo na siku ya mtihani. Swali linalopaswa kutangulia ni lingine: ataendesha gari gani, na kwa kazi gani? Kifungu cha 30 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, kinamkataza mtu kuendesha gari la aina yoyote barabarani ikiwa hana leseni halali iliyoidhinishwa kwa aina hiyo ya gari, na kinamkataza pia mwenye gari kumruhusu mtu asiye na idhini hiyo ashike usukani. Kwa hiyo dereva wa duka la jumla katika Eneo la Viwanda, aliyezoea kupeleka mizigo kwa pikapu, akipewa funguo za lori kwa sababu mwenzake ni mgonjwa, huwa anavunja sheria tangu anapotoka langoni, na tajiri wake anaivunja pamoja naye, hata kama amekuwa na leseni kwa miaka mingi bila kosa lolote.

Madaraja yanayotumika sasa yamewekwa na kanuni za mwaka 2020 zinazosimamia shule za udereva, wakufunzi na leseni, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, ambayo wengi wetu tunaiita NTSA. Kabla ya hapo tulikuwa na kijitabu chekundu cha leseni na herufi zake za madaraja, na watu wengi walisema kwa fahari kwamba wana “BCE”, au “BCEFG” kama walifunzwa pikipiki pia. Matangazo ya kazi bado yanazitaja herufi hizo, na hapo ndipo waombaji wengi hukwama, kwa kuwa herufi ileile haimaanishi kitu kilekile katika mifumo hiyo miwili: F ya zamani ilihusu pikipiki, ilhali F ya sasa inahusu magari ya watu wenye ulemavu. Tangazo likitaja BCE, mwulize mwajiri ni gari la aina gani kabla ya kulipa ada ya masomo.

Anza basi na stakabadhi za gari lenyewe. Kitabu cha umiliki cha kila gari, yaani logibuku, huonyesha umbo la gari, uzito wake likiwa tupu, mzigo linaloruhusiwa kubeba na idadi ya abiria. Ukishayasoma hayo, daraja lako litajitokeza bila kukisia.

Kundi A ni la pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. A1 ni ya pikipiki ndogo mno, zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 50, nayo inaweza kutolewa kwa kijana aliyefikisha miaka 16. Pikipiki tunazoziona kila siku kwenye vituo vya bodaboda, kuanzia Githurai hadi Kawangware, nyingi zina injini ya kati ya 100 na 150, kwa hiyo A1 haiwezi kuzihusu kamwe. Mtu anayejiendesha mwenyewe kwenda kazini anahitaji A2. Anayebeba abiria kwa malipo, anayesambaza vifurushi au vyakula, na anayeendesha tuktuk, wote hao wanahitaji A3. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vijana wengi wanaojiunga na kazi ya kusambaza vyakula hufikiri kwamba mradi hawajapakia mtu, leseni ya pikipiki ya kawaida inawatosha. Kinachozingatiwa hapa ni kwamba pikipiki hiyo ni ya biashara.

Kundi B ndilo linaloombwa zaidi jijini, na ndilo lenye kizuizi kinachosahaulika upesi. B1 inaruhusu gari dogo la gia za otomatiki peke yake, na B2 inaruhusu gari dogo la gia za mkono. Mwanafunzi aliyejifunza na kutahiniwa kwa gari la otomatiki hupata B1, na tangu siku hiyo haruhusiwi kuendesha gari la gia za mkono hata kama ni la baba yake na hata kama safari ni ya kutoka Buruburu hadi Donholm. Ni kweli kwamba magari mengi yanayoingia nchini kutoka Japani ni ya otomatiki, na kwa anayetaka gari la familia tu, B1 huenda ikamfaa maisha yake yote. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kijana anayetafuta riziki kwa udereva asikubali kushawishiwa kuchukua B1 kwa sababu masomo yake ni mepesi. Pikapu na malori mengi ya kazi bado yana klachi, na atalazimika kurudi darasani na kulipa upya. B3 ni ya dereva wa kulipwa wa gari dogo, akiwemo wa teksi, na wale wanaopata wateja kupitia programu za simu wamo pia.

Kundi C ni la malori: C1 kwa lori jepesi, C kwa lori la wastani, CE kwa lori zito lenye trela, na CD kwa magari mazito ya mizigo. Hakuna anayeanzia juu. Mwombaji hupanda daraja baada ya daraja, akiwa ametimiza umri na miaka ya uzoefu inayotakiwa kwa kila moja, na shule inayokuahidi CE wakati hujawahi kuwa na leseni ya gari dogo inakudanganya.

Kundi D linahusu magari ya abiria, na hapa kipimo ni viti. D1 ni ya gari lisilozidi abiria 14, yaani matatu ndogo tulizozizoea. D2 ni ya basi dogo la abiria wasiozidi 32. D3 ni ya basi la abiria 33 na zaidi. Tazama vyema mpaka huo kati ya D2 na D3, kwa maana matatu nyingi za Nairobi zimesajiliwa kwa viti 33, na dereva mwenye D2 anayekabidhiwa gari hilo amevuka mpaka kwa kiti kimoja. Mwombaji wa kundi hili aandae pia cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, pamoja na cheti cha daktari, kwa kuwa dereva wa magari ya umma huhitaji idhini ya ziada juu ya leseni yenyewe. Alama za vidole za cheti hicho zinaweza kuchukuliwa katika Vituo vya Huduma, na ni busara kukiomba mapema kwa sababu hakitoki siku hiyohiyo.

Yamebaki E ya udereva maalumu wa kitaaluma, G ya trekta na mashine za ujenzi na viwanda, na F niliyoitaja. Kuhusu F, mwombaji mwenye ulemavu asikubali kukatiwa tamaa na mtu yeyote getini. Daraja hilo limewekwa kwa ajili yake, na gari lililorekebishwa, kwa mfano lenye breki na kichapuzi vinavyoendeshwa kwa mkono, ni gari halali barabarani. Anachopaswa kuhakikisha ni kwamba anajifunza na kutahiniwa kwa gari lenye marekebisho yaleyale atakayoyatumia.

Sasa tuje kwenye maombi. Fungua akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa namba yako ya kitambulisho, kisha uingie kwenye huduma za NTSA, ambazo zilihamishiwa huko mwaka 2023 kutoka mfumo wa awali wa TIMS. Hakikisha majina yako yameandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho. Omba kwanza leseni ya muda ya mwanafunzi, ambayo wengi huiita PDL, na uchague daraja uliloamua baada ya kusoma stakabadhi za gari. Malipo yote ya huduma hizi hupitia namba ya malipo ya serikali 222222, na namba ya akaunti huwa imeandikwa kwenye ankara unayoiona kwenye skrini. Mtu anayekutaka utume fedha kwenye simu yake binafsi ili “akusukumie faili” usimpe hata shilingi.

Leseni ya muda nayo ina vizuizi vyake. Mwanafunzi haendeshi peke yake. Lazima mkufunzi au dereva mwenye leseni ya aina hiyo ya gari awe kando yake, na gari libebe alama ya herufi L nyekundu kwenye kibao cheupe, mbele na nyuma. Jiandikishe katika shule iliyosajiliwa na NTSA, na kabla ya kulipa uliza waziwazi kama ina gari la daraja lako, kwani shule nyingi ndogo mitaani zina magari madogo tu. Ukimaliza masomo, shule ndiyo itakayokuwekea siku ya mtihani.

Mtihani huanza kwenye ubao. Ni ubao mpana uliochorwa barabara, njia panda, mizunguko na maegesho, na juu yake kuna kigari kidogo cha kuchezea. Mtahini huonyesha mahali pa kutoka na mahali pa kufika, nawe unakisukuma kigari polepole huku ukieleza kwa sauti kila unachokifanya: naangalia kioo, natoa ishara, nashika upande wa kushoto, nimefika kwenye mzunguko, nawapisha wanaotoka kulia kwangu. Wengi huanguka hapo wakati mikono yao barabarani ni mizuri kabisa, kwa sababu walijifunza kufanya bila kueleza. Fanya mazoezi ya kueleza nyumbani, hata kwa karatasi na kizibo cha chupa. Baada ya ubao yanafuata maswali ya alama za barabarani na kisha kuendesha gari, na gari hilo liwe la daraja uliloomba.

Ukifaulu, rudi kwenye akaunti yako uombe leseni ya kadi yenye kidude cha kielektroniki, aina iliyoanza kutolewa mwaka 2017. Lipa, kisha uende kuchukuliwa picha na alama za vidole. Katika Kituo cha Huduma cha GPO katikati ya jiji foleni huwa ndefu. Wakazi wa Eastlands hupata nafuu wakienda Makadara au Eastleigh. Beba kitambulisho halisi, na kama unatumia miwani ya kuonea mbali, sema hivyo bila kuficha. Mtu anayehitaji miwani ili aone barabara sharti aendeshe akiwa ameivaa, na kuficha hali hiyo ili kadi ionekane safi ni kumhatarisha mwenda kwa miguu asiyekujua.

Mwenye leseni tayari anayetaka kuongeza daraja hufuata njia hiyohiyo: leseni ya muda ya daraja jipya, masomo, mtihani, kisha ombi la kuidhinishiwa daraja hilo. Madaraja yake ya awali hayapotei, ila kuhuisha leseni ya sasa kusicheleweshwe, maana ombi jipya likijengwa juu ya leseni iliyokwisha muda litakusumbua.

Siku utakapokabidhiwa kadi, isome palepale dirishani. Linganisha jina, namba ya kitambulisho na tarehe ya mwisho, kisha uhakikishe madaraja yaliyoandikwa ni yale uliyotahiniwa, na uyalinganishe na yanayoonekana kwenye akaunti yako. Ikiwa ulifaulu B2 na kadi inasema B1, omba marekebisho kabla hujaondoka na uondoke na uthibitisho wa maandishi kwamba umelalamika. Mpaka kosa hilo litakaporekebishwa, endesha gari lile tu linaloruhusiwa na kadi uliyo nayo mkononi, kwa kuwa afisa wa trafiki atakayekusimamisha Thika Road atasoma kadi hiyo, na kampuni ya bima nayo, ajali ikitokea, itauliza kwanza kama dereva alikuwa na idhini ya gari lile.