Jinsi ya kuomba usajili wa mtoto wa farasi bila kukwama kwenye rangi

Vijana wetu wa Mtwara na Lindi wanaokwenda kuhudumia farasi Omani hunipigia simu wakiwa na shida ileile: fomu ya usajili imerudishwa kwa sababu ya rangi. Huku kwetu farasi ni nadra, maana nagana, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, humuua upesi, hivyo wengi wetu tumejifunza mambo haya tukiwa tayari kazini. Mimi pia.

Kabla ya kujaza chochote, omba kanuni za chama kinachosajili aina ya farasi wako. Kila chama kina kitabu chake cha nasaba na rangi zake. Farasi wa Friesland hutakiwa awe mweusi, na weupe unaovumiliwa ni alama ndogo kwenye paji. Chama cha Quarter Horse cha Marekani kiliwakataa kwa miaka mingi wenye mabaka meupe mengi, kikaifuta kanuni hiyo mwaka 2004. Farasi wa Kiarabu naye hana kinasaba cha krimu, kile kinachogeuza wekundu kuwa dhahabu. Ukimwandika kuwa ni wa dhahabu mwenye nywele nyeupe za shingoni, msajili atashuku kwamba mzazi mmoja si farasi wa Kiarabu.

Sasa rangi yenyewe. Hapa ndipo fomu nyingi huharibika, kwa sababu mtu huandika anachokiona siku ile. Mtoto atakayekuwa wa kijivu huzaliwa mweusi, mwekundu au hudhurungi, kisha hupauka mwaka hadi mwaka mpaka aonekane mweupe. Tazama nywele za kuzunguka macho, mvi huanzia hapo. Kisha fungua hati za wazazi. Wa kijivu lazima awe na angalau mzazi mmoja wa kijivu. Wazazi wawili wekundu, wale ambao kwa Kiarabu huitwa ashqar, hawazai mtoto mweusi. Mweupe wa kuzaliwa ana ngozi ya waridi, aliyepauka ana ngozi nyeusi. Karani wa korosho hapangi daraja kwa kutazama gunia, hupasua sampuli aone kiini. Nawe chunguza namna hiyo.

Piga picha nne: kulia, kushoto, mbele, nyuma, miguu ionekane hadi kwato, bila bandeji. Kwenye mchoro wa fomu chora kila alama nyeupe na vizingo vya nywele. Ng'oa nywele kama 30 pamoja na mizizi yake, kwa mtoto chukua za mkiani. Usikate kwa mkasi, kwa sababu kinachopimwa kimo kwenye mzizi. Daktari wa mifugo athibitishe, ada ilipwe, ubaki na nakala.

Kwa farasi wa mabaka, ongea na mwenye mali kabla ya kupandisha. Kuna kinasaba cha mabaka ambacho wazazi wote wawili wakiwa nacho, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kutoa mtoto mweupe ambaye utumbo wake haufanyi kazi, naye hufa ndani ya siku chache. Nakuomba usione haya kulisema hilo, hata kama wewe ni mtunza zizi tu. Kipimo chake ni nywele hizohizo.

Manyoya ya utotoni yakishapukutika, mtazame upya. Rangi ikiwa imebadilika, peleka ombi la marekebisho pamoja na picha mpya na cheti cha awali, kabla farasi hajauzwa.