Somo: Namna ya kuchunguza kinanda cha kale cha mabomba

Wapendwa, vumbi lisifutwe kwanza. Chini yake kuna mwandiko wa fundi wa kwanza, na kitambaa chenye maji kinaweza kuufuta pamoja nalo.

1. Anza na madaftari ya kanisa. Tafuta mkataba wa fundi na hesabu za matumizi. Ukikuta ngozi zimenunuliwa, huenda mivukuto inayosukuma hewa kwenye mabomba ilikarabatiwa mwaka huo.

2. Piga picha kila kitu kilivyo, rula ikiwa kando.

3. Chomoa bomba moja moja, ukiwa na glavu. Hapa usiharakishe. Mulika tochi kwa ubavuni, mwanga ulale juu ya metali: herufi zilizokwaruzwa kwa ncha kali zitajitokeza. Hizo ni majina ya noti. Kwa Wajerumani, H ndiyo B ya Waingereza, na B yao iko nusu toni chini. Wengi wamechanganya mabomba kwa kutojua hilo. Pima urefu, kipenyo na mdomo, yaani ule mwanya wa kutolea sauti. Sauti ikiwa juu kuliko ya leo, usikimbilie kusema imeharibika: kinanda cha fundi Arp Schnitger katika kanisa la St. Jacobi, Hamburg, Ujerumani (1693), kina noti A ya karibu Hz 495 (mitetemo kwa sekunde), ilhali leo tumezoea 440.

4. Kagua mguu wa bomba, yaani sehemu yake ya chini. Unga mweupe ni madini ya risasi yanayoliwa. Kwenye kinanda cha fundi Stellwagen huko Lübeck, Ujerumani, watafiti waligundua kuwa mvuke wa asidi kutoka mbao za mwaloni ulikuwa unayatafuna. Usiupulize unga huo, ni sumu.

5. Pima nguvu ya upepo unaoingia kwenye mabomba kwa mrija wa umbo la U wenye maji, andika tofauti ya viwango vya maji kwa milimita.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mabomba ya mbele ndiyo ya zamani zaidi?
Si lazima. Mwaka 1917 Ujerumani iliyachukua mengi kwa ajili ya bati la vita, yakiwemo ya St. Jacobi. Ya ndani ya kinanda hicho yalinusurika kwa sababu yalikuwa yamehamishwa kabla kanisa halijapigwa mabomu 1944, na fundi wa vinanda Jürgen Ahrend akayatumia katika ukarabati uliokamilika 1993.

Bomba limebonyea, nilinyooshe?
Hapana, ndugu yangu. Lipige picha, mwachie fundi.

Parokiani kwetu tuna kinanda cha kukanyaga tu. Somo hili linatuhusu?
Sana. Hicho hulia kwa vilimi vya shaba badala ya mabomba. Fungua mfuniko wa nyuma, utafute namba na maandishi ya penseli, halafu utuwekee picha hapa.