Nyumba yako ina paa la asbesto? Soma hii kabla hujaita fundi

Kama paa ni zima, halijapasuka na hakuna anayeligusa, usiingiwe na wasiwasi usiku huu. Asbesto, yaani madini yenye nyuzi nyuzi, ikiwa imeshikwa ndani ya simiti haikurukii tu ukiwa umelala. Shida inaanza pale mtu anapanda juu na nyundo, au anatoboa aweke dishi la TV, au anasugua kuvu na brashi ya waya ndio apige rangi, hapo ndio zinatoka nyuzi ndogo ajabu, huzioni, hazinuki, haziwashi, unavuta hewa unaona iko sawa tu, na zinaweza kuelea masaa mengi kabla hazijatua. Zikishafika chini kwenye mapafu mwili hauna namna ya kuziyeyusha.

Kenya ilipiga marufuku asbesto 2006 lakini zilizokuwa zimeezekwa tayari zilibaki juu, ziko kota za serikali, shule za zamani, estate za miaka mingi. Ni shiti nene za kijivu zenye mawimbi, za simiti si chuma, sumaku haishiki. Kuna za kisasa zinafanana nazo kabisa na hazina asbesto, kwa macho huwezi tofautisha, maabara ndio inaweza. Basi kama paa ni la kabla ya 2006 na huna majibu ya maabara, lichukulie kuwa ni asbesto, na usivunje kipande eti uone ndani kuna nini.

Ukiishi chini yake: usifagie dari kavu kavu. Gata zikijaa matope zimwagie maji kwanza, toa yakiwa bado mabichi, weka kwenye mfuko ufunge. Shiti ikipasuka, watoto wasicheze hapo chini, vipande vilowanishe na uvifunge, usivipeleke kuziba banda la kuku wala kujazia mashimo ya njia, maana kila gari likipita linasaga upya.

Sasa kutoa. Hii si kazi ya fundi wa mtaa na vijana wawili, samahani, najua bei inauma. Taka za asbesto ni taka hatari kisheria, piga simu ofisi ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) ya kaunti yako uulize nani ana leseni ya kuondoa na zinazikwa wapi. Hata ukishampata mwenye leseni simama mbali uangalie, kwa sababu kuna wanaofanya haraka haraka. Anayejua kazi atalowanisha shiti kwa maji yenye sabuni kidogo (si mashine ya presha, hiyo inachimbua nyuzi), atafungua misumari taratibu badala ya kung'oa na mtaimbo, atashusha shiti moja moja ikiwa nzima, hatupi chini, hatumii grainda, kisha anafunga kwa polithini nzito mara mbili, anabandika tepu na alama ya hatari, lori linafunikwa. Ukiona mtu anazirusha chini zinapasuka vumbi linapaa, simamisha kazi hapo hapo. Na kitu kingine watu wanasahau, shiti za zamani zinakatika ghafla ukizikanyaga, watu wameanguka wakafa, lazima watembee juu ya mbao zilizolala kwenye kenchi.

Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haisaidii kitu. N95 ni afadhali, lakini kazi yenyewe inataka ile ya P3 au P100 (yenye kichujio cha kiwango cha juu) inayobana uso, na ndevu zinafanya isibane. Nguo za kazi zisiingie nyumbani kabisa! Nchi nyingi wamepatikana wanawake wenye mesothelioma (saratani inayoletwa na asbesto) ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani, walikuwa wakifua ovaroli za waume zao. Na Afrika Kusini, utafiti uliotoka 1960 ulikuta wagonjwa wa Northern Cape ambao waliishi tu karibu na migodi utotoni.

Tuje kwa wewe ambaye tayari ulifanya kazi hizi, fundi paa, fundi bomba, fundi breki, mtu wa bandarini. Magonjwa ni matatu makubwa: asbestosi, yaani mapafu yanajaa makovu yanakuwa magumu, halafu saratani ya mapafu, halafu mesothelioma ambayo ni saratani ya utando unaozunguka mapafu. Yote yanachelewa sana, asbestosi kwa kawaida ni baada ya vumbi la miaka mingi, mesothelioma inaweza kutokea miaka 20 hadi 50 baadaye na haihitaji vumbi jingi hivyo. Kama ulivunja kipande siku moja tu, hatari yako ni ndogo, usikose usingizi.

Dalili ni kuhema ukipanda ngazi, kikohozi kikavu kisichoisha, maumivu upande mmoja wa kifua, kupungua kilo, ncha za vidole kuvimba. Kwetu hapa kikohozi kikikaa kinaitwa TB, na ni sawa upimwe TB kwanza kwa sababu iko nyingi, lakini kama makohozi hayaonyeshi TB, au umemaliza dozi ya miezi sita na bado unahema, rudi useme wazi: "Daktari, nilifanya kazi ya asbesto, mwaka fulani hadi fulani." Daktari asipouliza sema wewe, hilo tu linabadilisha vipimo atakavyoandika. Omba eksirei, kile kipimo cha kupuliza kwenye mashine, na siti skani ikiwezekana, kwa sababu eksirei ya mwanzoni inaweza kutoka safi. Maji yakikutwa kifuani yapimwe chanzo chake, yasitolewe tu urudi nyumbani.

Makovu hayarudi nyuma, lakini kuna vya kufanya. Acha sigara leo, kwa sababu sigara na asbesto zikikutana hatari ya saratani ya mapafu inapanda kupita zile mbili zikijumlishwa. Chanja chanjo ya mafua na ya nimonia. Na andika kwenye daftari kila saiti uliyofanya kazi, miaka na jina la mwajiri, pamoja na nakala za eksirei zote, maana sheria ya fidia za wafanyakazi ya 2007 inagusa pia magonjwa ya kazini na bila hizo karatasi huna pa kuanzia.