Kujifunza Sanaa ya Kuviringisha Karatasi: Anza na Mviringo Mmoja

Sanaa ya kuviringisha karatasi, ambayo wengi huiita kwilingi, ni ufundi wa kuchukua tepe nyembamba za karatasi, kuzizungusha juu ya kijiti hadi ziwe miviringo, kisha kuifinya miviringo hiyo katika maumbo mbalimbali na kuigandisha juu ya karatasi ngumu ikiwa imesimama kwa ukingo. Kusimama huko kwa ukingo ndiko kunakoupa ufundi huu sura yake, kwa kuwa mtazamaji haoni uso wa karatasi bali mstari mwembamba unaojizungusha, na mstari huo ndio unaochora ua, jani au herufi. Watawa wa Ulaya waliutumia zamani kupambia vitu vya ibada, wakiviringisha vipande vya karatasi vyenye kingo za dhahabu juu ya shina la unyoya wa bata bukini, na katika karne ya 18 ukawa kazi ya mikono iliyopendwa na wanawake wa tabaka la juu nchini Uingereza.

Anayeanza hahitaji kununua vifaa vingi. Karatasi za rangi za kawaida, zile zenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, zinatosha kwa mazoezi, ingawa baadaye utapenda zile za gramu 120, ambazo husimama imara zaidi na hazilegei haraka. Mbali na karatasi, tafuta rula, wembe au kisu cha kukatia karatasi, kibano chenye ncha nyembamba, gundi nyeupe ya maji, pini chache na kipande cha boksi cha kufanyia kazi. Kifaa cha kuviringishia ni kijiti chenye mwanya mdogo kwenye ncha, na ukikikosa, chukua kijiti cha meno, ukipasue ncha yake kidogo, ukichomeke utepe hapo.

Kabla ya kukata, ichunguze karatasi yako. Ikunje polepole kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja, nawe utahisi kwamba upande mmoja unakubali kujikunja kwa urahisi kuliko mwingine, kwa sababu nyuzi za karatasi hulala kuelekea upande mmoja. Kata tepe zako zifuate ule mwelekeo unaojikunja kwa urahisi, ili ziviringike bila kuvunjikavunjika. Upana wa milimita 5 unamfaa anayejifunza; tepe za milimita 3 hupendeza zaidi kwenye kazi ndogo, lakini huteleza vidoleni na humkatisha tamaa mtu ambaye mikono yake haijazoea. Ukubwa sawa wa upana ni jambo la lazima, kwani utepe uliopinda hata kidogo hutoa mviringo wenye ukingo uliopanda na kushuka, na kasoro hiyo haifichiki.

Sasa chomeka ncha ya utepe kwenye mwanya, uhakikishe haichomozi upande wa pili, kisha zungusha kijiti kwa mkono mmoja huku kidole gumba na cha shahada cha mkono mwingine vikiuongoza utepe ulale juu ya mzunguko uliotangulia. Uvute kidogo tu. Ukivuta kwa nguvu, katikati hujikaza na kuchomoza kama kichwa cha pia. Ukiulegeza mno, mizunguko hukosa mpangilio. Utepe ukiisha, zungusha kijiti kinyume kwa robo mzunguko, ili mwanya uachie karatasi, ndipo ukichomoe. Wengi hukivuta moja kwa moja na kuondoka na kitovu chote cha mviringo.

Hapa ndipo penye somo kubwa, nami nakusihi usiliruke. Mviringo ukiuachia, hujifungua wenyewe, na kila mmoja hujifungua kwa kiasi chake. Ua langu la kwanza lilikuwa na petali tano za ukubwa wa aina tano, ingawa tepe zote zilikuwa na urefu mmoja, kwa sababu niliziachia mkononi na kuzitia gundi kwa kukisia. Dawa yake ni kipimo: toboa tundu la duara lenye kipenyo cha milimita 15 kwenye kipande cha boksi nene, utumbukize mviringo humo, uuache ujifungue hadi uguse kingo, kisha uutoe kwa kibano bila kuuachia na ugandishe mwisho wake. Fanya hivyo mara 20 au 30, kwa tepe za urefu uleule, kabla ya kuwaza picha yoyote. Miviringo 20 inayolingana, hata ikiwa ya rangi moja tu, ina thamani kubwa kwa mwanafunzi kuliko picha nzima iliyofanywa kwa pupa.

Gundi nayo ina adabu yake. Imimine kidogo kwenye kifuniko, uchovye ncha ya pini, na uguse mwisho wa utepe kwa tone lisilozidi kichwa cha pini hiyo. Ikizidi, hufurika, hung'aa ikikauka na kuacha doa juu ya karatasi ya rangi. Mwisho wa utepe ni afadhali kuuchana kwa vidole kuliko kuukata kwa mkasi, kwa kuwa ukingo uliochanika hulala chini na kiungo kisionekane.

Ukishaumudu mviringo uliolegea, maumbo huja kwa kufinya tu. Ukiufinya upande mmoja, unapata tone. Ukifinya pande mbili zinazokabiliana, unapata jicho, ambalo hufaa sana kwa majani. Ukifinya jicho na kulikunja kidogo, unapata umbo la mwezi mwandamo. Mfinyo uwe pale penye kiungo cha gundi, ili kiungo kijifiche kwenye kona. Mviringo uliokazwa, yaani ule uliotiwa gundi kabla ya kuachiwa, hutumika kwa vitovu vya maua na matunda madogo, na ukiusukuma taratibu katikati kwa ncha ya kidole, huinuka kama kuba.

Kazi ya kwanza inayofaa ni ua la petali tano. Tengeneza matone matano kwa kipimo kimoja, uyapange kwanza bila gundi, ncha zao zikikutana katikati, na uyashikilie kwa pini juu ya boksi. Ukiridhika na mpangilio, tia gundi mahali petali zinapogusana, ubandike mviringo uliokazwa katikati, na uongeze macho mawili ya kijani kuwa majani. Acha likauke kabisa kabla ya kulihamishia kwenye karatasi ngumu.

Ua lililokamilika liweke mbali na jua kali, linalofifisha rangi, na mbali na unyevu, unaolegeza mizunguko. Ukitaka kulitundika, chagua fremu yenye kina, ili kioo kisiguse karatasi, kwa maana mgandamizo mdogo tu huilaza miviringo yote.