Kundi moja, tamthilia tatu: kupanga msimu wa kipupwe Bagamoyo

Waigizaji wanane wanaweza kucheza tamthilia tatu ndani ya wiki sita bila kuchanganyikiwa, mradi kazi imepangwa. Mimi ni msimamizi wa jukwaa, na inaniuma kuona kundi linafanya mazoezi miezi kadhaa, linacheza usiku mmoja, kisha kila mtu anakwenda zake.

Mpango ninaoupenda ni wa Wamarekani wa miaka ya 1920 hadi 1950. Ulianzia kwenye joto: kumbi nyingi za New York zilikuwa zikifungwa kiangazi, waigizaji wakawafuata watu mapumzikoni. Cape Playhouse ya Massachusetts ilifunguliwa 1927, na Westport Country Playhouse ya Connecticut 1931, ndani ya jengo lililowahi kuwa kiwanda cha ngozi. Kwa kuwa mji mdogo una watazamaji wale wale, tamthilia ilibadilishwa kila wiki. Usiku wanacheza ya wiki hii, mchana wanafanya mazoezi ya wiki ijayo. Jumamosi usiku mandhari ya jukwaani yanavunjwa, Jumapili yanasimamishwa mengine, Jumatatu pazia linafunguliwa.

Kwetu wiki moja haitoshi, maana waigizaji wengi wana vibarua vya mchana. Ipe kila tamthilia wiki mbili, na onyesha Alhamisi hadi Jumamosi ya wiki ya pili, saa mbili na nusu usiku, watu wakishaswali Isha. Jumapili pumzikeni. Jumatatu jioni anzeni mazoezi ya inayofuata.

Kabla hata ya kuchagua tamthilia, tazama mwezi. Anza katikati ya Julai: masika yamekwisha na vuli bado iko mbali. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa zao hazivuti kitu, vyombo hulala ufukweni, na baba yuko nyumbani pamoja na familia. Onyesho la kwanza liweke kwenye mbalamwezi. Ukihesabu wiki mbili mbili, la pili litaangukia giza na la tatu litarudi kwenye mwanga. Kwa hiyo ya kwanza na ya tatu ziwe za kuchekesha au za visa vya mjini, zenye ngoma. Ile ya katikati chagua inayosomwa shuleni, uicheze alasiri kwa ajili ya wanafunzi. Maulidi yakiangukia ndani ya msimu, usiku huo uache kabisa.

Halafu kusi, upepo utokao kusini. Miezi hiyo upepo huu hauna huruma, nao ndio unaoamua jukwaa la wazi litazame wapi. Lipe mgongo kusini. Mwigizaji akitazama kaskazini, sauti yake inapelekwa na upepo mpaka kwa bibi aliyekaa safu ya mwisho. Ukiligeuza, hata anayepaza sauti hatasikika. Shida ni kwamba upepo ukitoka nyuma unasukuma mandhari yawaangukie waigizaji, hivyo kila fremu ya mandhari iwe na mguu wa nyuma na kiroba cha mchanga juu yake. Mchanga hapa hatununui.

Fremu nne zinatosha msimu mzima. Tengeneza za mbao nyepesi, wamba kitambaa cha marikani pande zote mbili, upande mmoja uwe sebule na wa pili uwe shamba au baraza. Tamthilia ya tatu ikihitaji mahali pengine, paka rangi upya upande mmoja. Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, tafuta mitumbani mapema, yote ya msimu kwa siku moja.

Maneno: usimpe mwigizaji kitabu kizima. Mwandikie maneno yake tu, na maneno matatu ya mwisho ya mwenzake anayemtangulia. Anajifunza upesi, tena anajifunza kusikiliza. Mwenye nafasi kubwa katika tamthilia hii apewe ndogo katika inayofuata, la sivyo atachoka kabla ya Agosti kwisha.

Kibali cha afisa utamaduni na usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, vishughulikie mapema, Mei ikiwezekana.

Wachukue pia vijana wanaotaka kujifunza. Wapake rangi, wauze tiketi, wapewe nafasi ndogo jukwaani. Mwigizaji Bette Davis mwenyewe, kabla ya sinema kumpa jina, aliwahi kuwaelekeza watazamaji kwenye viti vyao pale Cape Playhouse.

Kiingilio kisimfukuze jirani. Barter Theatre ya Abingdon, Virginia, ilifunguliwa 1933 wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ikapokea senti 40 au chakula cha thamani hiyo. Nanyi mnaweza kupokea nazi, mchele, mihogo. Bandika mlangoni tangu asubuhi kiasi gani cha kila kitu ni sawa na tiketi moja, mizani iwepo, na mpokeaji awe mtu mmoja anayeandika kila kitu daftarini. Samaki wabichi msipokee, isipokuwa jirani mwenye friji amekubali kuwahifadhi hadi asubuhi.